Nani Atanitafuta Mimi? Barua Zenu Kuhusu Kompyuta Zinazofunguliwa kwa Mbali

Mwezi huu barua nyingi zinauliza jambo lile lile. Kompyuta iko ofisini, mwenyewe yuko kwingine, na fundi kamwekea njia ya kuiingia akiwa huko huko. Nimechagua chache. Pale mlipoanza kumsema fundi nimekata, maana wengine nawafahamu, na ukurasa huu wanausoma.

Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Mhasibu wangu amejifungua, kwa sasa anafanyia kazi nyumbani. Fundi alitushauri tununue IP ya kudumu, yaani anwani ya intaneti isiyobadilika, kutoka kampuni ya intaneti, akafungua kwenye ruta poti 3389, yaani mlango wa Remote Desktop, programu ya Windows ya kutumia kompyuta kwa mbali, na mama anaingia kwenye kompyuta ya dukani bila shida yoyote. Mwanangu aliyerudi likizo kutoka chuo anasema ifungwe leo leo. Fundi anasema mtoto anatia chumvi: mimi ni muuza mabati na saruji, nani atanitafuta mimi? Nimsikilize yupi?
*Mwenye duka, Mwanza*

Msikilize mtoto, mzee wangu, na usisubiri jioni.

Fundi amesema kweli nusu. Hakuna mtu aliyekaa mahali akiyawaza mabati yako, lakini pia hakuna haja ya mtu kuyawaza. Anwani za IP za mtindo wa IPv4, ambao ndio unaotumia hapo dukani, ni kama bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na kwa kompyuta idadi hiyo haitishi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitoa programu inayoitwa ZMap. Kwa laini ya gigabiti moja, kompyuta moja iliweza kubisha poti moja kwenye anwani zote hizo kwa chini ya dakika 45. Siku hizi hata kazi hiyo si lazima mtu aifanye mwenyewe: kuna Shodan, iliyoanza 2009, inayoorodhesha vifaa vilivyo wazi kwenye intaneti na kukuchujia kwa poti, kwa nchi, hata kwa mji. Wavuvi wa dagaa huko kwenu hawamfuati dagaa mmoja kwa jina. Wanawasha taa usiku na kutandaza wavu. Duka lako limo humo pamoja na shule, hoteli na vituo vya mafuta.

Poti ikijibu, programu nyingine inaanza kukisia. Inajaribu jina Administrator, halafu admin, user, test, halafu majina ya watu, na kwa kila jina inapitisha orodha ya manenosiri yaliyowahi kuvuja. Orodha moja maarufu ilitoka kwenye kampuni ya RockYou mwaka 2009, ikiwa na akaunti milioni 32, na nenosiri lililoongoza humo lilikuwa 123456. Mimi kazi yangu ya mchana ni kufunga mitandao kwenye maduka na maofisi, Kariakoo kwa wingi, na naweza kukuhakikishia kwamba bado linaongoza. Linafuatiwa na jina la duka likiwa na mwaka mbele yake.

Usiamini maneno yangu matupu. Mwambie kijana afungue Event Viewer kwenye hiyo kompyuta, aingie Windows Logs, kisha Security, achuje namba 4625. Hiyo ndiyo namba ambayo Windows huandika mtu anaposhindwa kuingia. Kwenye baadhi ya kompyuta inabidi kwanza kuwasha uandikaji huo, kwa hiyo akikuta patupu asishangilie. Na asitafute aina ya kuingia (Logon Type) ya 10 peke yake kwa kuwa alisoma mahali kwamba ndiyo ya Remote Desktop. NLA, yaani kipengele kinachomtaka mtu ajithibitishe kabla dirisha la Remote Desktop halijafunguka, ikiwa imewashwa, wanaokosea huandikwa aina ya 3. Atakachokiona, kwa poti iliyokaa wazi muda huo wote, ni kurasa na kurasa za majaribio, mengine ya saa tisa usiku, na majina ambayo hapo dukani hamjawahi kuwa nayo. Baada ya hapo achuje 4624, yaani waliofanikiwa. Hapo ndipo mnapopaswa kusoma taratibu, saa kwa saa, mkimuuliza mama kama ni yeye.

Jambo ambalo wateja wangu wengi hawalijui ni kwamba anayekisia nenosiri mara nyingi siye atakayekuumiza. Yeye anauza. Kulikuwa na soko la mtandaoni liitwalo xDedic, ambalo Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, waliliandikia ripoti mwaka 2016: seva zaidi ya 70,000 zilizokwisha kuingiliwa zilikuwa zimepangwa humo zikisubiri wanunuzi, nyingine kwa dola 6 tu. Soko hilo lilifungwa Januari 2019 na vyombo vya dola vya Marekani, Ubelgiji na Ukraine. Biashara yenyewe haikufa. Kwa hiyo unaweza kukaa miezi ukiona kila kitu kiko sawa, kumbe kompyuta yako iko rafuni ina bei.

Sasa tiba, na mpangilio wake una maana. Leo kijana aingie kwenye ruta afute ule mstari unaoelekeza poti 3389 kwenye kompyuta. Azime na UPnP, ambayo huruhusu vifaa vya ndani vijifungulie poti vyenyewe bila kumuuliza mtu. Mama atakaa bila kazi siku moja, na ana mtoto mchanga, hatalalamika. Kesho fundi aweke VPN, yaani njia ya siri ndani ya intaneti inayopitisha wenye ufunguo tu. Mimi hupenda WireGuard: ni nyepesi, iko kwenye kiini cha mfumo wa Linux tangu 2020, inakubali Windows na simu, na ukiibisha bila ufunguo sahihi haijibu kitu. Anayepita akitafuta poti hataona kwamba pana kitu. Remote Desktop mnaendelea nayo kama kawaida, ila mama atawasha VPN kwanza, kisha ataingia kwa anwani ya ndani. Ile IP ya kudumu uliyolipia haijapotea, VPN itaitumia.

Fundi usimfukuze. Mpe hiyo kazi ya VPN, na akimaliza akuandikie kwenye karatasi alichokiweka, pamoja na nenosiri la ruta. Karatasi hiyo ikae kwako, isikae kwake.

Sisi ni kampuni ya utalii Arusha. Kijana wetu wa IT amehamisha Remote Desktop kutoka 3389 kwenda 33890 na ametuwekea nenosiri la herufi ishirini. Bado unatuonea?
*Meneja, Arusha*

Kidogo.

Poti ziko 65,535, na anayetafuta hana sababu ya kuishia kwenye moja. Remote Desktop ina namna yake ya kuitikia salamu, kwa hiyo hata ukiihamishia wapi, ikijibu tu imejitambulisha. Mlichopunguza ni kelele, yaani wingi wa majaribio yanayoandikwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Hilo nalo lina faida yake, lakini msilihesabu kuwa ulinzi.

Nenosiri refu ni jema sana dhidi ya wanaokisia. Halisaidii kitu tatizo likiwa ndani ya Remote Desktop yenyewe. Tarehe 14 Mei 2019 Microsoft walitoa kiraka, yaani sasisho la kuziba kasoro, kwa kasoro iliyopewa namba CVE-2019-0708, ambayo watu wanaifahamu kwa jina la BlueKeep. Kasoro ile haikuhitaji nenosiri hata kidogo: mtu anatuma ujumbe uliopangwa kwa namna fulani, na kompyuta inatii. Tena ilikuwa ya aina inayoweza kuruka yenyewe kutoka kompyuta moja kwenda nyingine. Microsoft waliogopa kiasi cha kutoa kiraka hata kwa Windows XP na Server 2003, mifumo ambayo walikwisha iacha miaka mingi nyuma. Mwezi uliofuata shirika la ujasusi la Marekani, NSA, likatoa onyo lake la hadharani. Na Agosti ya mwaka huo huo zikatoka kasoro nyingine za jamii hiyo, safari hii zikigusa hadi Windows 10. Mwenye nenosiri la herufi ishirini na mwenye 123456 walikuwa sawa mbele ya kitu kama hicho. Tofauti ilikuwa kwa asiye na poti wazi.

Mwulize kijana wenu na hili: akaunti inajifunga mtu akikosea mara ngapi? Kwa muda mrefu ile akaunti ya Administrator inayokuja na Windows haikuweza kufungwa hivyo hata ukikosea mara elfu. Microsoft waliruhusu ifungwe kuanzia masasisho ya Oktoba 2022, na Windows 11 ya toleo 22H2, ikiwekwa upya, huja tayari na kikomo cha makosa 10 na kifungo cha dakika 10. Ila mkiwasha kikomo hicho huku poti ikiwa wazi, mtashangaa: wanaokisia kutoka nje ndio watakaoifunga akaunti, na wafanyakazi wenu watapiga simu asubuhi kuwa hawawezi kuingia.

VPN, meneja. Msimu wa wageni haujaanza.

Assalaam aleikum. Mimi nafanya kazi Maskati, duka langu la vipuri liko Mombasa. Mpwa wangu alijaribu kufungua poti kwenye ruta ya laini ya simu ikakataa, basi akaniwekea AnyDesk na paswedi ya kudumu ili niingie wakati wowote. Je, hii ni salama kuliko poti? Naogopa maana duka ndilo linalolea wazee.
*Mwenye vipuri, Maskati*

Waaleikum salaam, dada yangu.

Mpwa hana kosa, wala ruta si mbovu. Kampuni za simu mara nyingi huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya hadharani, kwa hiyo duka lako halina anwani yake lenyewe ambayo mtu wa nje anaweza kuibisha. Poti ukiifungua kwenye ruta, inafunguka kwenye ukumbi wa kampuni ya simu, haitokei nje. Watu hulalamika sana juu ya hili. Mimi naona limewaokoa wengi bila wao kujua.

Programu kama AnyDesk au TeamViewer hupita njia nyingine: kompyuta ya duka ndiyo inayotoka kwenda kwenye seva za kampuni, wewe nawe unatoka Maskati, mnakutana huko. Poti haifunguliwi. Kwa hilo, ndiyo, ni nafuu kuliko 3389 iliyo wazi. Lakini sasa umeweka imani mahali pawili zaidi. Pa kwanza ni ile kampuni: Februari 2024 AnyDesk wenyewe walitangaza kwamba mifumo yao iliingiliwa, wakafuta vyeti vyao vya usalama na kuwataka wateja wabadilishe manenosiri. Pa pili ni hiyo paswedi ya kudumu. Kama ndiyo hiyo hiyo ya barua pepe yako au ya Facebook, ibadilishe kabla hujamaliza kusoma jibu hili.

Kisha mwambie mpwa afanye haya akiwa dukani: awashe uthibitisho wa hatua mbili, aweke orodha ya wanaoruhusiwa, ili kompyuta ya duka ikubali namba ya kifaa chako tu na kukataa nyingine zote, na asasishe programu yenyewe. Hiyo orodha ndiyo ninayoipenda kuliko yote, kwa sababu hata paswedi ikijulikana haitoshi.

Kuna VPN za aina ya Tailscale zinazofanya kazi hata nyuma ya laini ya simu bila IP ya kudumu. Ningekushauri huko, ila uko ugenini: uliza kwanza masharti ya VPN ya nchi uliyopo, au muulize mwajiri wako, kabla hujaweka chochote.

Na jingine. Mtu akikupigia simu akajitambulisha kuwa ni wa AnyDesk, wa benki au wa Microsoft, akaomba ile namba ya tarakimu inayoonekana kwenye programu, kata simu. Hata akikuita mama.

Zahanati yetu ina mashine ya picha za X-ray inayoendeshwa na kompyuta ya Windows 7. Kampuni iliyotuuzia huingia kwa Remote Desktop kutoka nje ya nchi kufanya matengenezo. Wametukataza kusasisha chochote, wanasema tutapoteza dhamana. Nikiuliza usalama wananijibu kwamba wateja wao wote wako hivyo.
*Mganga mfawidhi, Dodoma*

Daktari, jibu lao la mwisho ndilo linalonitisha.

Windows 7 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Januari 2020, na ni mmojawapo wa mifumo iliyoguswa na BlueKeep niliyoieleza hapo juu. Siwezi kukwambia uisasishe kwa nguvu. Mashine za hospitali huwa zimepimwa pamoja na programu zake, na nimeona mashine ya mamilioni ikigoma kuwaka kwa sababu ya sasisho moja. Wana hoja hapo. Hawana hoja ya kuiacha kompyuta hiyo ikitazamana na dunia nzima saa ishirini na nne kwa ajili ya matengenezo ya mara chache kwa mwaka.

Waambie hivi: mashine inakaa kwenye mtandao wake peke yake, mbali na kompyuta za mapokezi na famasi. Wakitaka kuingia, wanatoa taarifa, mtu wenu anawasha VPN, wanafanya kazi yao akiwa amekaa pale anatazama skrini, wakimaliza anaizima. Kwa ruta ya bei ya kati hilo linawezekana, na dhamana haiguswi kwa kuwa hakuna kilichobadilishwa ndani ya kompyuta yao. Wakiuliza kwa nini mnawasumbua, watajieni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Picha ya kifua cha mgonjwa ni taarifa binafsi, na jina litakaloulizwa ikivuja ni la zahanati.

Halafu hakikisha kiraka cha BlueKeep kipo. Kilitolewa hata kwa Windows 7, na wao wanapaswa kuwa wamekwisha kukipima kwenye mashine zao. Kama hawajakipima mpaka leo, umeshajua ni kampuni ya namna gani.

Jumatatu tumefika ofisini tukakuta mafaili yote yamebadilika majina, hayafunguki, na kuna ujumbe unadai bitcoin ndani ya siku tatu. Kijana wa kompyuta anasema waliingia kwa Remote Desktop usiku wa Jumamosi. Bakapu ilikuwa kwenye diski ya nje iliyochomekwa hapo hapo, nayo imeharibika. Mwenyekiti anataka tulipe yaishe.
*Mhazini wa sacco (chama cha akiba na mikopo), Kisumu*

Pole sana. Nakujibu kwa haraka, na nimekutumia haya kwa barua pepe kabla gazeti halijatoka.

Chomoeni nyaya za mtandao kwenye kompyuta zote, zimeni na Wi-Fi. Zile zilizoathirika msizizime umeme kama mnaweza kumpata mtaalamu mapema. Kuna vitu vinavyobaki kwenye kumbukumbu ya muda vinavyoweza kumsaidia. Msifute mafaili yaliyofungwa wala ule ujumbe wao. Chukueni faili moja na ujumbe huo mkaangalie kwenye tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni mbili za usalama wa kompyuta. Huko kuna funguo za bure kwa baadhi ya programu hizi za utekaji. Kwa baadhi tu. Sitaki niwape matumaini makubwa.

Kuhusu kulipa, uamuzi ni wenu na fedha ni za wanachama. Mimi singelipa. Unamlipa mtu ambaye bado ana njia ya kurudi, na hakuna risiti. Jiji la Atlanta, Marekani, lilipotekwa na kundi la SamSam Machi 2018, lilidaiwa kama dola 51,000 za bitcoin. Halikulipa, na kujijenga upya kuligharimu mamilioni ya dola. Mwenyekiti wenu ataisoma habari hiyo kama sababu ya kulipa. Lakini hata aliyelipa bado inambidi asafishe kila kompyuta, abadilishe kila nenosiri na kuufunga ule mlango. Ufunguo unarudisha mafaili, haurudishi ofisi.

Ripotini kwa polisi na kwa KE-CIRT, kitengo cha Mamlaka ya Mawasiliano. Kwa kuwa mna majina, namba za vitambulisho na mikopo ya watu, sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019 inawapa saa 72 tangu mlipojua kumjulisha Kamishna wa Data, pale wanachama wanapoweza kudhurika. Msianze kuzihesabu kutoka siku ya kikao cha kamati.

Kabla hamjaiamini kompyuta yoyote iliyoonekana kupona, fanyeni jaribio dogo: kwenye skrini ya kuingilia, kabla ya kuandika nenosiri, bonyezeni Shift mara tano. Kawaida kinatokea kijisanduku cha Sticky Keys. Likitokea dirisha jeusi la kuandikia amri, kuna mtu alibadilisha faili la sethc.exe ili aweze kurudi bila nenosiri. Kompyuta hiyo ifutwe kabisa na kuwekwa Windows upya. Na hata lisipotokea, msijipongeze. Hiyo ni njia moja kati ya nyingi, na mimi ningezifuta zote.

Bakapu mpya iwe na diski mbili zinazopokezana. Moja ikichomekwa, nyingine iwe kabatini kwa mhazini, yaani kwako.

Tunayo VPN, tumesikia ushauri wako wa siku nyingi. Mhasibu ameacha kazi mwezi uliopita, tumeachana vizuri. Kuna la kufanya?
*Mkurugenzi, Tanga*

Lipo, na mwezi umeshapita. Futeni ufunguo wake kwenye seva ya VPN. Kama kila mtu alipewa ufunguo wake, wengine hawataguswa. Kama mlishirikiana ufunguo mmoja ofisi nzima, tengenezeni mpya kwa kila mtu. Zimeni akaunti yake ya Windows, msiifute, maana mtahitaji mafaili yake wakati wa ukaguzi. Badilisheni nenosiri la programu ya uhasibu na la ruta. Na muulizeni, kwa heshima ile ile mliyoachana nayo, kama kompyuta yake ya nyumbani bado ina hati zenu.